UZI: Wapanda baiskeli wa Mbeya tuachaneni na TANZAM, njia zisizo na magari ziko huku juu

Mleta uzi:

Wakuu habari za muda huu. Huu uzi nimeuahirisha sana, leo mvua imenifungia ndani toka asubuhi nikasema ngoja niuandike wote niumalize, mana kila wiki naona kijana kanunua baiskeli ya gia ya mtumba pale Mwanjelwa halafu safari yake ya kwanza ya mbali anaipeleka lami kubwa ya TANZAM, ile barabara kuu ya Dar kwenda Zambia, Uyole, Igurusi, Chimala, anabanana na semi za Tunduma. Ndugu zangu msifanye hivo. Mimi nimefanya miaka mitatu na nusura nisiwepo hapa kuandika.

Ilikuwa Igurusi, saa nne asubuhi, sina haraka yoyote. Semi iko nyuma yangu, mbele inakuja semi nyingine, na nyuma ya hiyo ya mbele kuna basi limeamua kuipita hapo hapo. Basi likaja upande wangu limewasha taa zote. Sikuwa na pa kwenda zaidi ya kuchomoka lami, na pale ukingo wa lami umeliwa, toka lami kushuka kwenye kokoto kuna kimo cha goti. Tairi la mbele likazama, mimi nikapita juu ya usukani, mtulinga ukavunjika. Basi halikusimama. Wakina mama waliokuwa wanauza vitunguu pembeni ndo walionifunga mkono kwa kanga na kunipandisha kwenye Noah.

Wiki ya pili nimekaa nyumbani mkono umefungwa, akaja baba mdogo anayekaa Isyonje. Akaniangalia weee, akauliza, "Kwani mwanangu hiyo lami unaitakia nini? Sisi viazi tumeteremsha kwa baiskeli miaka yote na semi tunaziona tukija mjini tu." Nilikaa na hilo neno mpaka mfupa ulipounga. Nikapanda Isyonje, na toka siku ile sijarudi tena kuendesha TANZAM kwa raha, naivuka tu.

Sasa nieleze njia yenyewe. Unatoka Mbeya mpaka Uyole, hapo unakata kulia unaishika barabara ya Tukuyu. Ni lami na ina magari, ila sio malori kama ya kule, na ni kipande kifupi, unapanda taratibu mlima Rungwe ukiwa mbele yako. Ukifika Isyonje unaiacha lami, unakata kushoto unaelekea Kikondo. Hapo ndo dunia inabadilika. Unapanda katikati ya mashamba ya viazi na pareto, mashamba yamelala kwenye miteremko kama mikeka iliyoanikwa, na kila ukipanda upepo unazidi kuwa mwembamba na baridi. Juu kabisa unatokea uwanda wa Kitulo, mita 2,600 hivi toka usawa wa bahari, nyasi tupu mpaka macho yanachoka, hamna mti. Wenyeji wanaita Bustani ya Mungu. Ni hifadhi ya taifa toka 2005 na sababu yake kubwa ni maua, sio simba wala tembo, kuna okidi za aina zaidi ya 40 pale juu.

Ukishauvuka uwanda unashuka Matamba, unalala, kesho yake ndo unateremka ile barabara ya kona inayoitwa Hamsini na Saba mpaka Chimala.

Kitu cha kwanza utakachokigundua huko ni masikio. Kwenye TANZAM masikio yako hayapumziki hata dakika, muda wote unasikiliza nyuma, shingo inakakamaa, jioni kichwa kinauma unadhani ni jua kumbe ni woga. Huku juu baada ya kama saa moja hivi unashtuka umeacha kusikiliza nyuma. Unasikia cheni yako. Unasikia mtu anakohoa shamba la bonde la pili. Siku moja nilihesabu, toka Kikondo mpaka naingia Matamba nilikutana na pikipiki kumi na moja, Fuso mbili za viazi na trekta moja. Siku nzima hiyo. Na kila mmoja alipunguza mwendo akanisalimia.

Niongelee breki kabla sijasahau mana hapa ndo watu wataumia. Kutoka juu Kitulo mpaka Chimala unashuka karibu mita 1,500, na sehemu kubwa ya huo mshuko ni zile kona, upande mmoja ukuta wa mlima upande mwingine hewa. Barabara ni changarawe na kokoto zinazoteleza. Breki za rimu ukizishika muda wote bila kuachia, ule uzito wako wote unageuka joto, rimu inapata moto, mpira wa breki unakuwa laini unang'aa kama umepakwa mafuta, haushiki tena, na tyubu inaweza kupasuka kwa joto tu bila hata kuguswa na msumari. Baba mdogo alinifundisha hivi: kamata kwa nguvu, punguza mwendo, achia, acha upepo upooze, kamata tena. Nyuma na mbele kwa pamoja, usitegemee ya mbele peke yake kwenye kokoto. Na kila baada ya kona tano sita simama, chovya kidole kwenye maji, dondosha tone moja kwenye rimu. Tone likikaa, endelea. Tone likilia *chsss* likapotea, kaa chini ule parachichi lako, rimu ipoe yenyewe.

Yeye mwenyewe anatumia Phoenix ya breki za fito. Nimemwona anateremka na gunia kwenye keria, mguu wa kulia kavaa katambuga, ule wa tairi la gari, anaukandamiza kwenye tairi la nyuma kila akikaribia kona. Ile katambuga ina mfereji chini umechimbika kwa kusugua, mpana sawasawa na tairi. Miaka yote hiyo ya viazi imejiandika pale kwenye soli.

Naendelea chini, naona kuna maswali tayari.

Kijana wa Mwanjelwa:

Mkuu uzi mzuri sana, mimi nina Phoenix ya kawaida haina gia, naweza kupanda huko au ndo nitakufa njiani?

Mleta uzi:

Unaweza mkuu. Utasukuma sehemu nyingi, na kusukuma hamna anayekushangaa huko, wote wanasukuma. Panga siku mbili kufika Matamba, siku ya kwanza ishia Kikondo. Ila kabla hujatoka mpelekee fundi akukazie spoku zote na abadilishe mipira ya breki yote minne, sio miwili, na ubebe mipira mingine ya akiba. Tyubu moja nzima, viraka, sulusheni, pampu, spana ya kufungulia tairi. Huko juu fundi yupo ila spea hana.

Na sweta. Mtu anatoka Mbeya jua linawaka anaona sweta ni mzigo. Kila ukipanda mita 100 joto linapungua zaidi ya nusu nyuzi, kwa hiyo Chimala ukiwa unavuja jasho, Kitulo saa hiyo hiyo kuna baridi ya nyuzi tisa zaidi. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi utakuta barafu imelala kwenye nyasi nyeupe pee. Mimi mara ya kwanza vidole viliganda nikashindwa kuvuta breki, ikabidi niteremke kwa miguu mpaka jua lilipotoka. Glovu za mtumba zimejaa sokoni, nunua.

Dada wa Forest Mpya:

Asante mleta uzi na pole sana kwa ule mtulinga. Mimi ni mdada, naendesha kila asubuhi ila mjini tu, nikisema niende mbali nyumbani wananizuia. Huko usalama upoje na mtu analala wapi? Na miezi gani nzuri, mana wengine wanasema twende wakati wa maua.

Mleta uzi:

Dada yangu asante. Nikujibu kwa jinsi ninavyopajua. Mara ya kwanza usiende peke yako, sio kwa sababu ya watu, ni kwa sababu ukipata pancha au ukiteleza kule katikati ya uwanda unaweza kukaa saa nzima hujaona mtu. Nenda na mwenzio mmoja au wawili. Uhakikishe saa kumi jioni umeshafika unapolala, ukungu ukishuka Kitulo huoni hata usukani wako. Matamba kuna gesti za kawaida, safi, wanakupa na maji ya moto kwenye ndoo. Kikondo ni kijiji, ukifika unaenda kwa mwenyekiti au mtendaji unajitambulisha, watakuonyesha nyumba ya kulala. Usianze kupiga picha kabla hujasalimia. Shikamoo kwa wazee inafungua kila mlango. Ukiweza kidogo kilugha cha kwao ndo kabisa, upande wa Rungwe ukimwambia bibi "ugonile" na akikupa maji ukasema "ndaga fijo" utaondoka na ndizi. Ukienda Njombe na Iringa ni "kamwene".

Kuhusu maua, yanachanua kipindi cha mvua, kama Desemba mpaka Aprili. Mimi nimeenda mara moja mwezi wa pili na sitasahau, uwanda mzima njano, nyeupe, zambarau, unaendesha baiskeli unasikia nyuki. Lakini ile siku nilitembea kwa miguu zaidi ya nilivyoendesha. Matope ya kule yanajaza kati ya tairi na madigadi mpaka tairi haligeuki, unakaa na kijiti unachokoa, hatua ishirini yamejaa tena. Ukitaka maua ng'oa madigadi kabisa, na panda upite njia ile ile kurudi Isyonje, usiteremke Hamsini na Saba kwenye matope, nakuomba. Ukitaka kuendesha kwa raha ni Juni mpaka Oktoba.

Na tafadhali, okidi msing'oe. Kuna biashara ya viazi vyake, chikanda, vinachimbwa gunia kwa gunia vinavushwa Zambia kuliwa, na okidi ukishachimba kiazi chake imekufa. Ukiona mtu anachimba toa taarifa getini. Ukitaka kutoka barabarani uingie njia za ndani za hifadhi, pita getini ulipie kiingilio.

Mdau wa Tukuyu:

Mleta uzi umeandika vizuri ila umeipita Rungwe yetu kama vile ni stendi. Niongezee.

Wanaotaka mteremko bila zile kona za kuogopesha waje Tukuyu. Kutoka mjini kuna barabara ya vumbi inashuka Masoko, pale kuna ziwa la kreta, maji yako chini kwenye bakuli la msitu, kimya. Wajerumani walikuwa na kambi pale. Hapo unaendelea kushuka mpaka Ipinda halafu Matema ufukweni. Tukuyu tuko kama mita 1,600, Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500, kwa hiyo ni zaidi ya mita elfu moja za kushuka lakini zimesambaa, unapita migomba, chai, kahawa, unashuka joto linaongezeka unakuta kakao na michikichi, mwisho mashamba ya mpunga, huo mchele mnaougombania mjini. Siku moja umepita hali ya hewa tatu. Lami ya Kyela inabeba magari yote ya mpakani Kasumulu, huku kwetu ni pikipiki na wanafunzi.

Matema milima ya Livingstone inaingia ziwani moja kwa moja, hamna hata pa kuweka barabara, kwa hiyo baiskeli inaishia hapo. Ukifika Jumamosi nenda mnada wa Lyulilo uone vyungu vya wakina mama wa Kikisi kutoka Ikombe, wanavileta kwa mtumbwi.

Ila mvua ndugu zangu. Hii ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, hata mwezi wa nane unaweza kulowa. Udongo wetu ukilowa ni sabuni. Aprili na Mei msije na baiskeli, njooni kula mbalaga, ndizi zetu za kupika.

Mleta uzi:

Mdau asante sana, hiyo ya Masoko nimeifanya mara moja tu na nilikosea nikairudia kwa kupanda siku hiyo hiyo, nilifika Tukuyu saa tatu usiku. Pandisheni baiskeli kwenye gari kurudi. Hata Chimala vile vile, ukishashuka Hamsini na Saba uko TANZAM tena na Mbeya ni kilomita 70 na ushee, usidanganyike kwamba umebakiza kidogo. Subiri Kosta, ongea na konda kwa heshima, ng'oa tairi la mbele, geuza usukani, inaingia kwenye buti au juu kwenye keria. Mtalipishwa nauli ya mzigo, lipeni. Cheni ifunge na gazeti usichafue mizigo ya watu, mara nyingine watakukumbuka watakupakia vizuri.

Mdau wa Mafinga:

Kamwene wote. Mufindi nayo ipo. Ukitoka Mafinga kwenda Sawala mpaka Kibao unapita msitu wa Sao Hill halafu mashamba ya chai, na humo ndani kuna vibarabara vya shamba vinazunguka kila bonde, unaweza kutembea siku mbili hujarudia njia. Vilima ni vya kupanda na kushuka vifupi vifupi, vizuri kwa anayeanza. Shida yetu ni malori ya magogo, siku za kazi yanatimua vumbi huoni mbele na dereva haoni nyuma. Jumapili ndo siku, barabara ni ya kwako. Vile vya ndani ya mashamba ni mali za watu, omba ruhusa kwa mlinzi getini, mimi sijawahi kukataliwa.

Kijana wa Mwanjelwa:

Sasa wakuu kwa nini serikali isitutengenezee njia za baiskeli peke yake kama Ulaya? Nimeona video jamaa wanaendesha mabondeni kwenye milima, njia imewekwa lami haina gari hata moja, mpaka watoto wapo.

Mleta uzi:

Hiyo nadhani umeona ile ya Alpe-Adria au mfano wake. Inatoka Salzburg Austria inavuka milima ya Alps mpaka Grado Italia baharini, kama kilomita 410. Siri ya kile kipande cha Italia ambacho watoto wanaendesha ni kwamba ilikuwa reli. Reli ya zamani ya Pontebbana ilipita kwenye bonde la mto Fella, wakajenga mpya kwenye mahandaki, ile ya zamani wakang'oa vyuma wakaweka lami, madaraja yale yale ya chuma na mahandaki yale yale sasa anapita mwenye baiskeli. Na kwa vile treni haiwezi kupanda mlima mkali, reli zote zina mwinuko mdogo, ndo mana mtoto anamudu.

Sisi reli yetu ya TAZARA ilikamilika 1975 na bado inafanya kazi, kwa hiyo hatuwezi kuigusa wala tusitamani ife. Kwetu zilizopo ni hizi barabara za vumbi, na zenyewe zinabadilika. Njombe kwenda Makete saivi ni lami, na upande wa huku Isyonje lami itafika tu. Niseme ukweli kutoka moyoni, naitaka ifike. Nimekaa Kikondo mwezi wa tatu nikaona magunia ya viazi yanaozea kwenye Fuso iliyozama siku tatu, na nimeona mama mjamzito anateremshwa kwa pikipiki kwenye utelezi, wamemfunga kanga na dereva asianguke. Mtu wa mjini hawezi kuja kuwaambia hao watu wabaki na vumbi ili yeye aendeshe kwa amani.

Ninachoomba ni ukingo. Lami ikija, pembeni yake iachwe mita moja na nusu iliyo sawa na lami, iliyoshindiliwa, isiyoachwa ikaliwa mpaka ikawa ngazi. Anayeihitaji kwanza ni baba mdogo na gunia lake, na yule mtoto anayetembea kilomita sita kwenda shule, mimi ni wa mwisho. Mikutano ya vijiji inapoitishwa kuhusu barabara watu wanaongelea fidia tu, ukingo hamna anayeutaja. Mwezi uliopita baba mdogo alisimama kwenye mkutano wa kijiji chao akautaja. Alikuja na ile katambuga yake akaiinua watu waione, akasema sisi wa baiskeli tumeshusha viazi vyenu kwa hii, tuachieni pa kupita. Mtendaji ameandika kwenye muhtasari. Wadau wa Rungwe na Makete, kwenye vijiji vyenu fanyeni hivo hivo sasa hivi kabla mkandarasi hajaleta greda.

Mdau wa Tukuyu:

Hili naliunga mkono asilimia mia. Nitalisema kwenye kata yetu.

Dada wa Forest Mpya:

Mpaka nimetokwa na machozi hapo kwa baba mdogo. Mleta uzi mnapanda lini tena? Niko na rafiki yangu, tutakuwa wawili.

Mleta uzi:

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, Uyole pale njia panda ya Tukuyu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunaondoka. Chai ya kwanza Isyonje kwa baba mdogo, viazi vya kuchemsha vipo. Tunalala Kikondo, kesho yake Matamba, siku ya tatu tunashuka. Njooni na sweta mbili mbili. Mfike robo saa kabla nizikague breki zenu mwenyewe, yoyote yenye waya uliochanika haipandi mpaka tuibadilishe, nitakuwa na waya wa akiba.